Mafungu Mia Tatu

Siku kufuli la kiwanda lilipobadilishwa, Mama Povu alikuwa amebeba ndoo mbili za mafuta, moja kila mkono, na hakuwa na mkono wa tatu wa kugonga mlango. Aligonga kwa goti. Mlango ulipofunguliwa, aliyesimama kizingitini alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, na karatasi ya mkataba ameikunja mfukoni mwa shati, ncha yake ikichungulia ili ionekane.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili na uwanja wenye paa la bati. Kwa miaka kumi na mmoja yeye na mume wake walikuwa wakipika humo vitu viwili tu: sabuni ya mche, ile ndefu inayokatwa kwa waya, na sabuni ya maji inayouzwa kwa madumu ya lita tano. Mume aliuza, mke alipika. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Povu, na jina hilo hakulichukia, kwa sababu alilipata kwa jasho. Mume alipougua, mkataba wa pango ulifika wakati wa kuandikwa upya. Mdogo mtu akasema atakwenda kuweka sahihi, kaka apumzike. Akaweka sahihi kweli, ila kwa jina lake. Miezi mitatu baada ya mazishi, jina hilo likawa mlango uliofungwa.

Shemeji alieleza haya yote kwa upole wa mtu aliyejifunza maneno yake kabla. Kisha, kwa sababu vibarua wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza, akaongeza la kuwachekesha.

"Shemeji, mkono wako ni wa kukoroga. Hesabu waachie wenye kichwa."

Kibarua mmoja alicheka. Mwingine alitazama juu, kwenye bati. Na pale pembeni, juu ya kigoda chake, mama mkwe alikuwa akikunja karatasi za kufungia miche, kazi aliyoifanya kila siku tangu miguu ilipoanza kuvimba. Mama Povu alimtazama. Alingoja neno moja kutoka kwake, hata kikohozi. Mama mkwe aliinamisha kichwa, akakunja karatasi nyingine, akaiweka juu ya zenzake.

Mama Povu hakulia wala hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja: muhuri. Ulikuwa muhuri wa shaba wa kugongea sabuni ikiwa bado mbichi, wenye alama ya kiganja kilichofunguka. Mume wake alikuwa amechora kiganja cha mkewe kwenye karatasi, vidole vitano kwa penseli, akampelekea fundi achonge kwa udogo. Wanunuzi waliijua alama hiyo kuliko jina lolote. Shemeji akasema muhuri ni mali ya kiwanda, na kiwanda kina mwenyewe.

Basi akageuka na ndoo zake. Njiani kurudi nyumbani aliapa mambo mawili: kwamba mlango ule utafungwa akiuona kwa macho yake, na kwamba muhuri ule utaletwa mkononi mwake na mtu yule yule aliyeukatalia.

Kiapo kinahitaji mtaji. Aliuza cherehani, jokofu, na hereni alizopewa alipoolewa. Akapata chumba cha kupanga, na hakukichagua kwa ukubwa wala kwa bei. Alikichagua kwa sababu kilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na kiwanda cha zamani. Hapo kabla palikuwa pa fundi viatu, na sakafu ilinuka gundi. Akiketi kwenye benchi lake, aliweza kuhesabu kila dumu lililotoka kwa shemeji yake. Alinunua mapipa mawili, beseni, waya wa kukatia, akaajiri mwanamke mmoja mkimya wa kumsaidia kukoroga. Baada ya yote hayo, akabaki na laki mbili. Hizo ndizo zilizokuwa pumzi yake. Zikiisha kabla shemeji hajaanguka, angeanguka yeye.

Mdogo wake Mama Povu, binti wa mwisho kwao, alikuwa mwalimu wa masomo ya biashara. Alikuja Jumapili mchana na daftari jipya, akatazama benchi, akatazama ng'ambo, akaelewa.

"Dada, unataka kufanya biashara au unataka kupigana?"

"Vyote viwili."

"Basi tuanze na cha kwanza. Hicho cha pili sikusomea."

Alimwagiza alete miche mitatu na dumu moja, akavipanga mezani kama anayefundisha watoto wa darasa la kwanza. Akamkumbusha desturi ya kiwanda cha zamani, ambayo wote wawili waliijua. Marehemu hakuwa akiuza dumu peke yake. Kila aliyechukua dumu alichukua na miche mitatu, na hiyo wakaiita fungu. Aliyetaka miche mitupu aliambiwa arudi na mwenziwe wa kugawana naye dumu. Watu walinung'unika, wakazoea.

"Mche unauza mia mbili na hamsini," alisema mwalimu. "Mafuta, magadi, rangi na karatasi vinakula mia na tisini. Unabakisha sitini. Dumu unauza mia tisa, dawa ya povu na dumu lenyewe vinakula mia tano na themanini. Unabakisha mia tatu na ishirini. Sasa fungu moja linabakisha ngapi?"

Mama Povu alihesabu kwa vidole, kisha akakasirika kwamba amehesabu kwa vidole. "Mia tano."

"Haya. Na kuna gharama zisizojali umeuza au hukuuza. Pango elfu sitini. Msaidizi elfu hamsini. Umeme na maji elfu kumi na tano. Mkokoteni elfu ishirini na tano. Jumla laki moja na nusu kila mwezi, hata ukilala usingizi. Gawanya kwa mia tano."

Ikatoka mia tatu. Mafungu mia tatu kwa mwezi: miche mia tisa na madumu mia tatu. Hapo ndipo kizingiti chako, mwalimu akasema, hujapata na hujapoteza. Chini yake unakula akiba, juu yake ndiyo unaanza kula jasho lako. Akaandika kwa herufi kubwa: MAFUNGU 300. Akapiga mstari chini yake mara mbili, akasema dada yake asije akaubomoa mchanganyiko ule, maana hesabu yote imesimama juu ya miguu hiyo minne, mitatu ya mche na mmoja wa dumu.

Mama Povu alisikia, lakini alisikia kwa sikio la mtu anayetazama ng'ambo ya barabara. Mdogo wake alipoondoka, alichukua chaki akaandika nyuma ya mlango kwa namna iliyomrahisishia kukumbuka. Miche mia tisa na madumu mia tatu ni vipande elfu moja na mia mbili. Akaandika 1,200, basi. Fungu hakuliandika.

Alifungua Jumatatu. Ng'ambo, shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu. Alimwita mteja aliyekuwa akipita, mama wa kufua nguo za watu, akamwambia kwa sauti ya kuvuka barabara aende akamchangie shemeji yake hata mche mmoja, ni sadaka. Watu wakacheka. Damu ikampanda Mama Povu hadi masikioni. Hapo hapo akatoka na chaki akaandika ubaoni: mche 210. Si lazima dumu.

Ilikuwa kama amefungua bomba. Wenye vibanda walikuja, wanaofua walikuja, watu wa mitaa ya mbali walikuja na magunia. Msaidizi wake alikata miche hadi waya ukamchana kidole. Kila jioni Mama Povu alichora vijistari nyuma ya mlango, na kila jioni alitazama ng'ambo ahakikishe kwamba shemeji ameona foleni. Siku ya ishirini akavuka elfu moja na mia mbili. Mwezi ulipokwisha alikuwa ameuza miche elfu moja na mia tano na madumu mia moja. Vipande elfu moja na mia sita! Alivaa gauni lake zuri siku ile, akaenda kusimama barabarani bila sababu, ili tu aonekane.

Kisha akafungua sanduku kulipa pango, na sanduku halikuwa na pango.

Alihesabu mara tatu. Akamshuku msaidizi, na shuku hiyo ilimwaibisha baadaye kuliko hasara yenyewe, maana yule mwanamke alisimama akigeuza mifuko ya nguo zake nje bila kuambiwa. Ikabidi achukue elfu themanini na nane kutoka akiba. Zikabaki laki moja na elfu kumi na mbili. Jumapili mwalimu alipofika, aliusoma mlango kwanza.

"Nani amekuambia uhesabu vipande?"

"Kipande si kipande?"

"Mche wako wa mia mbili na kumi unabakisha ishirini, dada. Ishirini tu. Dumu linabakisha mia tatu na ishirini. Unauza miche kumi na sita ndipo ulipe dumu moja ulilolikosa. Umevunja fungu, ukajaza mlango vijistari. Kizingiti chako kimehama, wewe umebaki kukisherehekea pale kilipokuwa zamani."

Akamwonyesha. Miche elfu moja na mia tano, kila mmoja ishirini: elfu thelathini. Madumu mia moja: elfu thelathini na mbili. Jumla elfu sitini na mbili, na gharama zinangoja laki moja na nusu. Kwa mchanganyiko ule, angehitaji kuuza karibu vipande elfu nne ili arudishe gharama, na mapipa mawili yale hayakuwa na uwezo wa kupika vipande elfu nne. Mwezi mmoja zaidi wa ushindi kama huo, na akiba ingebaki elfu ishirini na nne. Wa tatu haukuwepo.

Mtu mwingine angefunga. Au angejuta. Mama Povu alifuta mlango kwa kiganja, akabaki na vumbi la chaki mkononi, akauliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia.

"Na yeye kizingiti chake kiko wapi?"

Mwalimu alisema hajui, hesabu za watu wengine hazionekani. Mama Povu akasema zinaonekana. Miaka kumi na mmoja amekaa mle ndani, anajua pango, anajua mshahara wa kila kibarua, anajua bili ya umeme inapanda mwezi gani. Na madumu anayotoa, anayahesabu kwa macho kila siku kutoka benchini. Akalivuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake: MIZIGO YAKE. Pango elfu tisini. Vibarua wawili laki moja. Umeme na maji elfu ishirini. Malipo ya kigari cha mizigo alichokopa baada ya msiba, ili aonekane bosi, elfu sitini.

Kalamu ikasita. Kulikuwa na mzigo mmoja zaidi. Mama mkwe alikuwa analala kwenye chumba cha nyuma ya kiwanda, na dawa zake za miguu na moyo, pamoja na chakula chake, zilitoka kwenye sanduku la kiwanda. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za marehemu, na Mama Povu mwenyewe ndiye aliyekuwa akizinunua. Alijua bei ya kila kidonge. Alimkumbuka juu ya kigoda, akikunja karatasi, kichwa chini. Akaandika: Mama, elfu thelathini.

Mwalimu aliona. "Huyu naye unamwandika?"

"Si analishwa na kiwanda?"

"Dada."

"Alikuwa na mdomo siku ile. Hakuutumia."

Jumla ilikuwa laki tatu kamili. Hiyo ndiyo kamba aliyokuwa nayo shemeji shingoni kila mwezi. Kabla Mama Povu hajafungua duka, alikuwa akiuza miche elfu moja na mia sita, na madumu mia nane, maana yeye wateja wakubwa aliwauzia madumu matupu. Miche ilimwachia elfu tisini na sita, madumu laki mbili na elfu hamsini na sita. Kwa hiyo alikuwa akibakiwa na elfu hamsini na mbili. Mwezi mzima wa mche wa bei ya chini, Mama Povu alikuwa amemnyang'anya labda miche mia tano, yaani elfu thelathini. Amejikata nyama ya elfu themanini na nane ili amkwaruze mwenzake thelathini, na mwenzake bado alikuwa na faida.

"Ananicheka kwa haki," alisema.

Walitazama zile safu mbili. Kilichomsimamisha shemeji hakikuwa miche. Yalikuwa madumu. Na madumu hayakwenda kwa wapita njia. Yalikwenda sehemu tatu kubwa na nyingine ndogo ndogo. Shule ya bweni ilichukua mia na arobaini, hospitali ya wazazi tisini, nyumba za wageni za karibu na stendi sabini. Hayo ni mia tatu. Ukiyaondoa hayo, unamwondolea elfu tisini na sita. Kutoka kwenye faida ya hamsini na mbili, anazama chini ya kizingiti elfu arobaini na nne, kila mwezi, na kigari hakisubiri. Na madumu mia tatu hayo hayo, yakienda na miche yake mitatu mitatu, ndiyo yangekuwa kizingiti cha Mama Povu.

Mwalimu alisoma hesabu ile mara mbili. Alisema kwa upande wa hesabu haina kosa. Kisha akafunga mkoba wake akaenda zake mapema.

Kesho yake Mama Povu alifuta ubao. Mche ukarudi mia mbili na hamsini, na fungu likarudi. Foleni ikatawanyika siku hiyo hiyo, watu wakimwita mkono birika. Ng'ambo shemeji alipiga makofi mawili, polepole. Yeye alivaa viatu vya kufunga, akachukua chupa mbili na sahani iliyopakwa mafuta ya jana, akaenda shule ya bweni.

Hakuwa na haja ya kusema uongo huko. Shemeji, tangu ashike kiwanda, alikuwa akiongeza maji kwenye sabuni na kutia chumvi iwe nzito kwa macho. Mtu asiyejua anaona uzito anafurahi. Mama Povu aliomba beseni, akagawa sahani katikati kwa mstari wa kidole, nusu akaosha kwa sabuni yake, nusu kwa sabuni waliyokuwa nayo stoo. Matroni, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, alipitisha kidole upande mmoja, kisha wa pili. Upande wa sabuni ya stoo kidole kiliteleza kwa mafuta.

"Kumbe ndiyo maana wapishi wanamaliza madumu mawili kila siku," alisema matroni. Kisha akamtazama vizuri. "Si wewe uliyekuwa unatuletea yenye kiganja?"

"Ni mimi. Muhuri umebaki kwa mwizi. Kiganja ninacho." Akakiinua.

Shule ilichukua fungu, sio dumu tupu, kwa sababu wanafunzi wanafua. Hospitali ilibishana juma zima, ikakubali. Nyumba za wageni zilifuata kwa kuwa mafundi wa kufua wa hospitali walikuwa ndugu wa mafundi wao. Mwezi wa pili ulimpa mafungu mia mbili na kumi, akala akiba elfu arobaini na tano, ikabaki sitini na saba. Mwezi wa tatu ulimpa mia tatu barabara. Hakupata, hakupoteza. Aliketi kwenye benchi siku ile ya mwisho wa mwezi akiwa ametulia kabisa, akitazama ng'ambo, ambako kigari cha shemeji kilikuwa kimeegeshwa tangu asubuhi bila kupakiwa kitu.

Na hapo shemeji akafanya kosa ambalo Mama Povu peke yake mtaani aliweza kulitambua kwa jina. Alikuwa amemwona Mama Povu akiwa na foleni mwezi ule wa kwanza. Hakujua foleni ile ilimgharimu nini. Akaandika ubaoni pake: mche 200. Si lazima dumu.

Mama Povu aliposoma ubao ule kupitia dirishani, alikaa chini. Msaidizi alidhani ameishiwa nguvu kwa hofu. Kumbe alikuwa anacheka, mkono umefunika mdomo. Na akafanya jambo ambalo halina utetezi: akatoka nje, akasimama mbele ya wenye vibanda, akalalamika kwa sauti kwamba shemeji anamuua, kwamba mche wa mia mbili utamfungisha duka, kwamba hajui atawaambia nini watu wanaomdai. Ulikuwa uongo mtupu, kila neno lake. Maneno yalivuka barabara kabla yake. Jioni shemeji aliagiza mafuta mara mbili ya kawaida, kwa mkopo.

Foleni ya ng'ambo ilifika hadi kona. Miche elfu tatu kwa mwezi, na kila mmoja ukimbakishia kumi. Mama Povu alihesabu madumu yakitoka: mia tano. Alifanya hesabu akiwa amesimama, bila daftari, kwa kichwa kile alichoambiwa hana. Elfu thelathini na laki moja na elfu sitini. Laki na tisini. Chini ya kizingiti kwa laki moja na elfu kumi. Siku hizo alilala vizuri kuliko alivyolala tangu awe mjane. Aliamka ametabasamu, na kwenye kioo alianza kuwa na uso wa mtu mwingine, mwembamba, wenye macho yanayohesabu. Mdogo wake alimwambia hivyo. Akajibu kwamba kioo hakilipi pango.

Miezi miwili ilitosha. Kwanza kilikwenda kigari, mwenye kukopesha alikuja na dereva wake akakichukua kikiwa na miche ndani. Kisha kibarua mmoja, yule aliyecheka. Kisha muuza mafuta akaja kukaa mlangoni kwa shemeji siku nzima akingoja deni lake. Asubuhi moja ya Jumatano, mwenye nyumba akatia kufuli. Lilikuwa kufuli jipya. Mama Povu aliliona likifungwa kwa macho yake mwenyewe, kama alivyoapa, na chai yake ikapoa mkononi kwa sababu hakutaka kupepesa macho.

Saa nne, shemeji alivuka barabara. Alikuwa amepungua, kola ya shati imemzidi. Nyuma yake mwenye mkokoteni alisukuma godoro, sanduku la bati na kigoda. Na nyuma ya mkokoteni, akitembea polepole kwa miguu iliyovimba, alikuwa mama mkwe.

Shemeji aliweka muhuri wa shaba juu ya benchi. Hakumpa mkononi, aliuweka tu.

"Umeshinda, shemeji. Chukua."

Sentensi hii Mama Povu alikuwa nayo tayari kwa miezi saba. Aliikoroga pamoja na kila pipa. "Hesabu nilizifanya kwa mkono huu huu wa kukoroga," alisema. "Kila senti yako. Niliijua kabla yako."

Shemeji alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Nakwenda kutafuta kibarua mji mwingine. Mama siwezi kwenda naye. Nimeshindwa. Dawa zake peke yake, na kula yake, kila mwezi ni..."

"Elfu thelathini," alisema Mama Povu.

Lilimtoka upesi, kwa raha ya mtu anayejua jibu kabla ya swali. Mwenye mkokoteni alikuwa akiteremsha kigoda. Mama mkwe alisimama. Alimtazama mke wa mwanawe, akatazama daftari lililokuwa wazi benchini, akamtazama tena. Hakuwa msomi, lakini alikuwa amekaa kiwandani miaka mingi, na alijua ukurasa wenye safu mbili ni kitu gani.

Shemeji aliondoka bila kuaga. Mwenye mkokoteni alidai chake, akalipwa na Mama Povu. Msaidizi akaingia ndani akajifanya ana kazi.

"Nilikuwemo kwenye hesabu," alisema mama mkwe.

"Ulikuwemo, Mama."

"Uliniandika upande gani?"

Mama Povu angeweza kudanganya. Miezi miwili nyuma alikuwa amedanganya barabara nzima. "Upande wake. Kwenye mizigo yake. Nilijua hawezi kukuacha mapema, na nilijua utamlemea."

Kikongwe alikaa kwenye kigoda chake pale pale kizingitini, akapumua hadi pumzi ikamtosha.

"Na wewe Mama," alisema Mama Povu, "siku ile mbona ulinyamaza? Neno moja tu. Ningekwenda zangu nikiwa na neno moja."

"Nilikuwa nalala ndani ya kiwanda kile. Ningesema, ningelala wapi?"

"Kwangu."

"Hukuwa na kwako, mwanangu. Ulikuwa na ndoo mbili."

Mama Povu alichukua muhuri. Ulikuwa mchafu, mafuta yamegandia kwenye vidole vya kiganja, shemeji hakuwahi kuusafisha. Aliufikicha kwa pindo la kanga, akasubiri furaha ifike. Ilikuwa imekwishafika zamani, ikatumika, ikaisha. Aliitumia yote katika siku zile za kucheka akiwa amefunika mdomo.

"Sasa nimehama upande," alisema mama mkwe. "Niandike."

Mama Povu alikaa benchini akalivuta daftari. Ukurasa wa MIZIGO YAKE aliuchana, si kwa kuuficha, maana aliukunja akautia ndani ya sanduku la pesa ambako angeuona kila siku. Akafungua ukurasa wake mwenyewe. Pango elfu sitini. Msaidizi elfu hamsini. Umeme na maji kumi na tano. Mkokoteni ishirini na tano. Akaandika chini yake: Mama, elfu thelathini. Laki moja na themanini. Akagawanya kwa mia tano, kwa kalamu, bila vidole. Kisha akainuka na chaki kwenda nyuma ya mlango.

"Mangapi?" aliuliza mama mkwe.

"Mafungu mia tatu na sitini."

"Na mwezi huu tumeuza?"

Mama Povu alilisikia lile neno, tumeuza. Aliliacha lipite. Alikuwa bado hajamsamehe, na hakutaka kujifanya amemsamehe.

"Mia tatu arobaini na tano."

Mama mkwe alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akavuta kigoda karibu na meza, akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete karatasi nikunje," alisema. "Bado kumi na tano."